Hadithi ya utandonuru imemsahau fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu hadithi ya mfululizo mnayoitoa kila Jumapili, ile ya nahodha wa kike wa Dar es Salaam ya mwaka 2090 na utandonuru wake. Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na hadithi hiyo tunaisoma pale kwa zamu: anayemaliza anampitishia jirani, na mteja anayesubiri simu yake naye anaambulia aya mbili tatu. Habari za miaka ijayo tumezoea kuzisoma zikitokea ng'ambo. Kumwona mtu anavuka kutoka Kigamboni kwenda Unguja akiwa na chombo cha kesho mkononi kumetufurahisha, na namshukuru mwandishi wenu kwa dhati.

Kwa ambaye hajaisoma, utandonuru ni karatasi ya mwanga. Nahodha anauweka umeviringishwa ndani ya mkono wa koti. Akiuvuta unanyooka, unawaka, unamwonyesha ramani ya maji, hesabu za shehena, sura ya mama yake aliyeko Pemba. Akimaliza anauachia, unajiviringisha wenyewe. Kila mtu mjini anao, kuanzia waziri hadi muuza kahawa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni sura ya wiki iliyopita. Katika purukushani ya bandarini utandonuru wa nahodha unachanika pembe ya juu. Anautazama, anautupa baharini, na aya inayofuata yuko mbele ya mashine ya kuuzia, anachomoa mwingine mpya. Nilirudia kusoma nikitafuta mahali ambapo angalau angeuliza, "Huu hautengenezeki?" Hakuuliza. Nikapekua sura zilizotangulia, maana magazeti ya nyuma tunayo, tunayatandika mezani tunapofungua simu. Nikakuta marubani, wapelelezi, mganga, hata mama ntilie mwenye jiko linalojipikia lenyewe. Fundi hakuna hata mmoja.

Binti ninayemfundisha kazi, aliyetoka VETA na ana mkono mwepesi kuliko vijana wengi wa mtaa ule, aliiweka simu aliyokuwa anaifungua akaniuliza, "Fundi, sasa mwaka 2090 sisi tutakuwa wapi?" Swali hilo ndilo ninalomletea mwandishi. Mji anaousimulia naujua mitaa yake, na sijawahi kuona kifaa kikaingia mji huu kikakaa bila kupata mtu wa kukifungua.

Nilianza kazi kwenye TV za chogo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri hadi 1994 ndipo kituo cha kwanza kikaanza kurusha matangazo. Seti zilipoingia, fundi alikuwa yupo tayari, kwa sababu alishakomaa kwenye redio. Ndani ya chogo la rangi mlikuwa na umeme wa zaidi ya volti 20,000, na unabaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kabla ya kugusa chochote ulitakiwa uutoe kwa bisibisi yenye waya uliofungwa kwenye fremu. Tukajifunza. Zikaja flati, tukaambiwa hizi hazitengenezeki, ni za kutupa. Tukajifunza. Ikaja simu ya tachi, wimbo ukawa ule ule. Leo kioo cha simu kinabadilishwa mteja akiwa anakunywa soda pembeni.

Sasa, huu utandonuru mwandishi hakuuokota hewani. Sehemu kubwa ya mambo yake yapo tayari, mengine kwenye maabara, mengine kwenye mifuko ya watu hapa hapa mjini. Ndiyo maana nasikitika anapoupitia juujuu, kwa sababu utamu wake uko ndani.

Tuanze na kukunjika. Chukua gazeti hili ulilonalo, kurasa zote pamoja, ulikunje katikati taratibu. Tazama ukingoni: kurasa za nje na za ndani hazilingani tena, zimepishana. Kila ukurasa umeteleza kidogo juu ya mwenzake. Sasa chukulia kwamba kurasa hizo zimegandishwa kwa gundi kavu. Za nje zingelazimika kuvutika, za ndani zingebanwa, na mahali fulani katikati pangekuwa na ukurasa usiovutwa wala kubanwa. Wahandisi wa vioo vya kukunja wanaishi kwa kanuni hiyo. Wanapunguza unene, maana kitu kikiwa chembamba ngozi yake ya nje haivutiki sana kinapopinda. Lile tabaka linalopasuka upesi wanalipanga pale katikati penye amani. Na gundi wanayoweka kati ya tabaka ni laini, ili tabaka ziweze kuteleza kama zinavyotaka.

Hata kioo chenyewe, tunachokijua kwa kuvunjika, kikishushwa hadi unene wa mikromita 30 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kinakunjika. Unywele wa binadamu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Samsung walianza kuuza simu yenye kioo cha namna hiyo mwaka 2020. Kabla yake, simu ya kwanza ya kukunja kufika sokoni, FlexPai ya kampuni ya Royole ya China mwishoni mwa 2018, ilikuwa na plastiki juu. Skrini za aina hii zinazaliwa juu ya kitu kigumu: kiwandani wanapaka kwenye kioo kinene plastiki ya manjano iitwayo poliimidi, inayovumilia joto kali, wanajenga saketi zote juu ya plastiki hiyo, halafu wanapiga leza kutoka upande wa chini na skrini inabanduka ikiwa laini. Mara ya kwanza kuishika skrini kama hiyo iliyotolewa kwenye simu, nilibana pumzi. Ilipinda kwa uzito wake yenyewe.

Mwanga wake unatoka kwenye tabaka za kemikali za kaboni, ndizo zinazoitwa OLED. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza mwaka 1987 jinsi ya kuziwasha kwa umeme mdogo. Ukiziweka pamoja zote hazifiki mikromita moja. Hazihitaji taa ya nyuma kama LCD, zile skrini za kawaida za flati na simu nyingi; kila nukta inawaka yenyewe, na hilo ndilo linaloruhusu skrini kuwa nyembamba kiasi hicho. Lakini zina adui wawili, oksijeni na unyevu. Kipimo wanachokilenga wahandisi kinatisha: katika eneo la mita moja ya mraba, kwa siku nzima, mvuke wa maji unaopenya usizidi sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hiyo juu ya tabaka zinazowaka wanapaka nyingine za ulinzi, ngumu na laini kwa kupishana, ili tundu la tabaka moja lizibwe na linalofuata. Tundu lisiloonekana kwa macho linatosha kuharibu. Kwanza linatokea doa jeusi, kisha doa linapanuka.

Sasa tuseme nahodha wetu hakuutupa, akasafiri nao. Yuko katikati ya Mkondo wa Zanzibar, kusi inavuma, chumvi inamkauka usoni. Kwenye maji hayo utandonuru uliochanika hauzimiki ghafla kama taa. Giza lingeanzia kwenye mpasuko na kuingia ndani taratibu, likila ramani, huku yeye akiwa bado anaihitaji. Angelazimika kuamua ni sehemu gani ya bahari aikariri kwanza kabla haijapotea. Hiyo ni sura nzima ya hadithi, nzuri kuliko ya mashine ya kuuzia, na mwandishi ameitupa majini pamoja na utandonuru.

Nitoe mfano wa mezani kwangu. Mfanyabiashara mmoja anayekwenda Guangzhou kuchukua mizigo aliniletea simu yake ya kukunja. Kampuni siitaji, si lengo langu. Ukiikunjua ilikuwa na msitari mweusi katikati, na karibu na bawaba doa lenye ukubwa wa punje ya ufuta. Alikuwa ameona ngozi ya juu imeinuka pale kwenye mkunjo, akaibandua kwa kucha akidhani ni protekta. Ngozi ile ni sehemu ya skrini. Kosa hilo liliwapata hata waandishi wa habari wa ng'ambo waliopewa Galaxy Fold ya kwanza waijaribu Aprili 2019. Wengine waliibandua, skrini zikafa, na Samsung wakaahirisha kuiuza mpaka Septemba mwaka huo baada ya kuirekebisha, wakipitisha kingo za ngozi hiyo chini ya fremu.

Niliiweka chini ya hadubini, nikafungua bawaba. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, wa ufukweni. Punje moja ilikuwa imekaa nyuma ya skrini, na kila alipoikunja simu, punje ile iliisukuma skrini kutoka ndani mahali pale pale, mpaka ulinzi ukapasuka na unyevu ukaingia. Doa lilianzia hapo. Nilisafisha bawaba kwa brashi na spiriti, nikapuliza, nikaweka ngozi mpya juu ili mpasuko usiendelee. Spea ilikuwa inauzwa nzima nzima, skrini na fremu na bawaba pamoja, na bei yake ingemnunulia simu tatu za kawaida. Mwenyewe akaamua abaki na doa lake. Anapita pale mara kwa mara, simu inafanya kazi.

Kioo cha LCD cha kawaida unakipasha kwenye pleti ya moto, unapitisha waya mwembamba kati ya tachi na kioo cha ndani, vinaachana. Ukifanya hivyo kwenye OLED laini, waya unaweza kukata picha yenyewe. Kwa vioo vilivyopinda pembeni mafundi wengine wanatumia mashine ya kugandisha: gundi inakauka kwa baridi kali na kuachia. Nayataja haya ili mwandishi aone kuwa maarifa ya kazi hii yanakua kila mwaka mikononi mwa watu, na kwa hesabu hiyo hadi 2090 yatakuwa yamefika mbali sana.

Turudi bandarini basi, tuutengeneze ule utandonuru. Picha kwenye skrini inaendeshwa kwa safu za kulala na za kusimama. Aisii, yaani vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyotoa amri, zinakaa ukingoni, kwa kawaida chini na ubavuni, na amri zinasafiri kutoka huko kwenda mbali. Pembe iliyochanika ilikuwa ya juu, mbali na aisii. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya utandonuru ule, ile ya upande wa chini, ilikuwa bado inapata amri zake zote. Ulichokosa ni ulinzi dhidi ya hewa.

Fundi wa 2090 angefanya hivi. Kwanza angeuziba mpasuko upesi kwa mkanda usiopitisha unyevu, hata kabla ya kumwuliza nahodha anatoka wapi. Kisha angeuingiza kwenye sanduku la glavu. Hilo ni sanduku lenye kioo mbele na glavu ndefu zilizofungwa kwenye ukuta wake, ndani limejaa naitrojeni kavu. Unaingiza mikono kwenye glavu na kufanya kazi bila hewa ya nje kugusa kitu. Maabara za OLED zinayatumia leo, na humo ndani oksijeni na unyevu hushushwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Angekata kwa leza pale palipokwisha kufa. Angepaka ukingo mpya ulinzi wake, tabaka ngumu, tabaka laini, tabaka ngumu. Mwisho angeiambia programu kwamba skrini sasa ina umbo jingine, ipange picha upya isitume kitu kwenye pembe isiyokuwepo.

Naliona sanduku hilo Aggrey. Glavu ya kulia imechakaa vidole viwili na imebandikwa kiraka. Pembeni pana mtungi wa naitrojeni wa kukodi, na mwenye mtungi ameshapiga simu kudai. Nahodha ameketi kwenye stuli anasubiri. Anaondoka na utandonuru mfupi kidogo, pembe moja imekatwa mshazari, na popote atakapoukunjua watu wataona kuwa ulishapita kwenye vita. Mhusika wa hadithi anastahili kitu chenye alama kama hiyo.

Kuna suala la umeme pia. Utandonuru wa mwandishi hauna betri, na mimi fundi siwezi kulipita hilo. Mpaka leo kilichokubali kukunjika ni skrini. Bodi na betri kwa kawaida bado ni vigumu na vinahitaji mahali pa kukaa. LG walipoanza kuuza televisheni inayoviringika ya inchi 65 huko Korea Kusini mwaka 2020, kwa bei ya won milioni 100, skrini ilikuwa inazama ndani ya sanduku, na sanduku hilo ndilo lililobeba spika, bodi na mota ya kuiinua. Nahodha naye apewe kasha dogo, labda la kufunga kwenye kiwiko. Kasha lenye joto likichaji, linalomwacha na alama kwenye ngozi. Msomaji ataamini zaidi.

Na je, ni lazima utandonuru uwake? Anayefanya kazi juani anajua shida ya skrini inayowaka: saa saba mchana unaikinga kwa kiganja na bado huoni kitu, na betri inakwenda. Ipo njia nyingine ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1970 Nicholas Sheridon wa Xerox, pale Palo Alto, alibuni karatasi yenye vijigololi vidogo mno, nusu vyeupe nusu vyeusi, vinavyogeuka ndani ya mafuta vikiguswa na umeme. Mwaka 1997 watu wa chuo cha MIT wakaanzisha kampuni ya E Ink kwa wazo la jamaa moja na hilo: vifuko visivyoonekana kwa macho, ndani yake chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Ukiweka umeme huku, nyeupe zinapanda. Ukigeuza, zinapanda nyeusi. Ukishakata umeme zinabaki pale pale. Ndiyo skrini iliyomo ndani ya Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, tangu 2007, na ndiyo inayoonyesha bei kwenye rafu za supamaketi nyingi za Ulaya. Inasomeka kwa mwanga wa jua kama karatasi, na umeme ukikatika ukurasa haupotei.

Sisi tunaoujua mgao wa umeme tungelipenda sana jambo hilo likiingia kwenye hadithi. Upande mmoja wa utandonuru uwe wa kuwaka, kwa ajili ya usiku na sura ya mama. Upande wa pili uwe wa wino, kwa ajili ya ramani ya mchana. Wazo si la mbali: kampuni ya Yota ya Urusi iliuza simu yenye skrini ya kawaida mbele na ya wino nyuma tangu 2013. Na usiku ule ambao kampuni kubwa inazima tandonuru zote za mji, sura iliyonitetemesha kuliko zote, nahodha angeugeuza upande wa pili na kukuta ramani ya mwisho bado ipo. Hakuna mtu aliye mbali anayeweza kuizima picha ambayo haitumii umeme kukaa.

Kuhusu kuzima huko nina la kusema. Mwandishi ameliweka jambo hilo kama tishio la kesho. Sisi tulishaonja kitu cha jamii hiyo: Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini, watu walifika mezani kwetu wameshika vifaa vilivyokuwa vizima jana yake, wakiuliza kama kuna dawa. Sisemi hatua ile ilikuwa mbaya, bandia ni bandia. Nasema niliiona sura ya mtu anapogundua kuwa kitu kilicho mfukoni mwake kina swichi mkononi mwa mwingine, na ningependa kuikuta kwenye hadithi, kwa watu wa kawaida, muuza samaki, dereva wa bodaboda. Katika sura ile tumeonyeshwa mawaziri tu.

Ipo swichi nyingine ndogo zaidi. Utandonuru unamtambua mwenyewe kwa kiganja, na mwandishi anaeleza kuwa ukiunganishwa na kipande cha utandonuru mwingine unakataa kuwaka. Hilo lipo sasa hivi. Kuna simu ambazo ukiweka kioo kingine, hata cha orijino kilichotolewa kwenye simu ya aina ile ile, zinatoa onyo au zinanyima baadhi ya huduma, kwa sababu namba ya kioo haijaandikishwa na mwenye kiwanda. Mafundi wanalazimika kuhamisha aisii ndogo kutoka kioo kilichovunjika kwenda kipya, kazi ya hadubini na blowa ya hewa moto, ukipitisha joto kidogo tu imekwisha. Wenzetu wameanza kuliwekea sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowakataza wenye viwanda kuzifungia spea kwa namba kwa namna hiyo. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu wahakikishe spea muhimu zinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kama mwaka 2024 watu walishaanza kupigania hivyo, mwaka 2090 lazima kuna mtu Dar es Salaam aliyeendeleza vita hivyo. Naye anakosekana katika hadithi.

Sikusudii kumfundisha mwandishi kazi yake. Najua hadithi haiwezi kubeba kila waya. Lakini vijana wanasoma, na wanachokisoma wanakiweka kama kipimo cha maisha mazuri. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takataka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo yake. Nahodha shujaa akiutupa utandonuru baharini kwa sababu ya pembe moja, na hakuna mtu mle ndani anayeshtuka, kijana anajifunza kuwa watu wa kesho ndivyo wanavyoishi. Nataka ajifunze kuwa watu wa kesho wanajua kufungua vitu. Binti yule wa mezani kwangu anajua kusoma mchoro wa bodi ambayo wenye kiwanda hawakuutoa. Ameuchora mwenyewe kwa kupima nukta baada ya nukta kwa mita, usiku, kwa mwanga wa simu. Kama huyo si mhusika wa hadithi za sayansi, basi sijui ni nani.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi, kupitia kwako Mhariri, ni kwamba katika sura zinazokuja amwingize fundi, na ampe kazi ya kweli yenye mikono, vifaa na hesabu. Asimfanye mzee wa mafumbo anayeokoa mambo kwa nyundo. Akitaka kuona, namkaribisha Aggrey siku yoyote ya kazi, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Ninacho kioo kibovu kimoja cha simu ya kukunja nilichokihifadhi kwa ajili ya kufundishia. Nitambandulia tabaka moja baada ya nyingine, aguse kila moja kwa kidole chake, na binti atamwonyesha hadubini.

Na kama bado hajakabidhi sura ya Jumapili hii, utandonuru ule hauna haja ya kupotea. Feri iko jirani na bandari, na nyavu za wavuvi zinaokota kila kitu. Uokotwe, uletwe Kariakoo.

Wenu msomaji,
Fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam